Ndege Aliyetulia Mbele ya Kamera ya Oliva

"Hivi Oliva, hao ndege wako unawanywesha kitu gani, mbona wanakuja kufia kwangu?"

Leonilde aliuliza hivyo juu ya ua wa mianzi unaotenganisha nyumba zao, asubuhi ya Jumatano, kopo la biskuti mkononi. Nilikuwepo. Nilikuwa nimempitia Oliva twende kupamba kanisa, naye alikuwa bado nyuma ya nyumba akitundika chupa za kunyweshea ndege. Leonilde akafunua kopo. Juu ya pamba walilala ndege-wavumaji watatu, wale wanaonyonya maua wakielea hewani, kila mmoja hazidi kidole changu cha gumba, rangi yao ya kijani bado inameta kana kwamba hawajaambiwa kuwa wamekufa.

"Muulize paka wako," Oliva akajibu, akicheka.

"Paka wangu ana meno manne, na mawili kati ya hayo hayajawahi kukutana. Hawa hawana hata mkwaruzo. Nimewaokota chini ya mchungwa, jana mmoja, leo wawili. Nakuuliza tena, mama, unawapa nini?"

"Sukari guru, tena ya kinu cha nyumbani kwetu. Hata wewe ulikuzwa kwa hiyo hiyo."

"Ndiyo maana nikawa hivi," akasema Leonilde, akafunika kopo lake.

Tulicheka wote watatu. Kicheko kile nimekiungama.

Oliva Tabares alizaliwa kinuni, na kwetu El Yarumo hilo si tusi. Baba yake alikuwa na kinu cha kukamulia miwa kule chini mtoni. Mama yake alishikwa na uchungu siku ya kupika, akamzaa juu ya magunia, mvuke wa sukari umejaa mpaka darini. Walikuwa wakisema mtoto alitoka akilamba midomo. Alipofika miaka minane alikuwa akikoroga kwa mwiko mrefu kuliko yeye, na kwa pua tu aliweza kukuambia kama sufuria ya tatu, ya mwisho, iko tayari kumiminwa kwenye visanduku vya mbao au bado.

Hapa Kolombia, kwenye milima hii ya kahawa, mtu huachishwa titi la mama yake lakini sukari guru haachishwi mpaka anakwenda kaburini. Mtoto akikohoa, sukari guru na limau. Mama akijifungua, sukari guru. Mgeni akifika amelowa mvua, kabla hajaulizwa jina analetewa kikombe cha maji ya moto ya sukari guru na kipande cha jibini cha kutumbukiza humo. Sukari nyeupe tunanunua, ndiyo, kwa ajili ya keki, lakini hakuna anayeiheshimu. Baba yake Oliva alizoea kusema imeoshwa mpaka roho yake ikatoka.

Oliva aliolewa na Evelio, mpiga picha. Ubatizo, Komunyo ya Kwanza, harusi, picha za vitambulisho mbele ya shuka jeupe, zote zilikuwa za Evelio. Oliva ndiye aliyebeba flashi, akachana watoto nywele, akawafuta kamasi. Neno la Evelio lilikuwa moja tu: "Msitikisike." Ukipita nyumba za El Yarumo leo utawaona wazee wetu ukutani, wote wana macho ya watu walioambiwa wasitikisike.

Mungu hakuwajalia mtoto. Walikubali bila kunung'unika, angalau mbele yetu. Kisha Evelio akafa kwa moyo, ghafla, akiwa anafunga viatu. Oliva akajaribu kuendelea na kazi, lakini simu zilikuwa zimeshaingia. Watu walimwambia kwa upole, mama usijisumbue, mpwa wetu atapiga kwa simu. Baada ya mwaka mmoja kamera ilikuwa rafuni, imefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa, kama sanamu wakati wa Kwaresma.

Ndege wa kwanza aliingia mwenyewe. Alipita dirishani katika chumba cha picha, akajigonga kwenye kioo, akaanguka. Oliva akamwinua, akamdondoshea maji ya sukari kwa ncha ya kijiko. Ndege akatoa ulimi mwembamba kama uzi, akanywa, akakaa kiganjani muda wa kusema Salamu Maria mbili, kisha akaondoka kwa kasi ambayo Oliva hakuiona. "Alikuwepo, halafu hayupo," aliniambia. "Mkono wangu ulibaki una joto."

Siku hiyo hiyo alitundika chupa ya kwanza nyuma ya nyumba. Baadaye zikawa sita, na kamera ikashuka rafuni ili awapige picha. Watalii wanaozunguka na kamera kubwa shingoni walipita njia hiyo siku moja, na mmoja akamwachia maelekezo: sukari nyeupe, kikombe kimoja, maji vikombe vinne, basi. Hakusema kwa nini. Oliva alifuata miaka minne kama mtu anayefuata maandishi ya daktari. Lakini alikuwa anaona haya. "Wageni wangu nawapa sukari isiyo na roho," alikuwa akiniambia. "Ingekuwa wewe umekuja kwangu nikakupa hiyo, ungenisema mpaka Krismasi."

"Ningekusema mpaka Pasaka," nilimjibu.

Nimekaa naye hapo nyuma mara nyingi, hivyo najua kazi yake ilivyokuwa. Kabla ya yote alifunika chupa tano kwa mifuko na kuacha moja. Ndege wakishajua kwamba mlango uliobaki ni mmoja, aliiondoa na hiyo, na mahali pake aliweka ua moja tu kwenye waya. Ndani ya ua alidondosha maji matamu kwa sindano ya daktari isiyo na ncha. Nyuma ya ua alisimamisha ubao alioupaka rangi ya kijani cha ukungu. Zile flashi nne za Evelio alizipanga kulizunguka ua, mbili mbele, moja juu, moja ikimulika ubao. Alikuwa amegundua mwenyewe, bila mwalimu, kwamba flashi ukiipunguza nguvu, mmweko wake huwa mfupi zaidi, na mmweko mfupi ndio unaokamata bawa. Kisha alikaa kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe, waya wa kufyatulia mkononi, akingoja. Ndege akija alisema chini ya pumzi, "Usitikisike, mpenzi wa mama." Ndege hakuwa na habari naye. Alikunywa kwa sekunde moja na nusu, akaondoka.

Katika picha mia mbili ilifaa moja. Na hata hiyo, kichwa kilikuwa safi, kifua safi, ila mahali pa mabawa palikuwa na ukungu, kama mtu amepafuta kwa kitambaa. Alitaka bawa. Alitaka kuona kila unyoya. Nilimuuliza kwa nini, akasema Evelio alisimamisha kijiji kizima lakini kitu hiki hakukiweza, na yeye angependa siku moja awe na la kumsimulia watakapoonana.

Mwezi wa tano mvua zilinyesha mpaka mlima ukakatika kwenye ile kona ya msalaba. Barabara ikafunikwa. Kwa wiki tatu hakuna lori lililopanda. Mchele ulikwisha dukani kwa Argemiro, mafuta yakaisha, sabuni ikaisha. Oliva akaenda na mfuko wake.

"Argemiro, hata nusu kilo ya nyeupe huna?"

"Mama, kitu cheupe kilichobaki humu dukani ni ndevu zangu. Chukua kama zinakufaa."

Sukari guru ilikuwepo, tena tele, kwa sababu kinu kiko upande wetu wa maporomoko ya udongo. Kaka yake Oliva, Gildardo, ndiye anayekiendesha tangu baba yao afariki, na wiki zile alikuwa akipika bila kupumzika. Oliva akabeba vipande vinne. Akaviponda, akaviyeyusha, akachuja kwa kitambaa cha kuchujia kahawa, maji yakatoka rangi ya chai. Akajaza chupa zote sita. Aliniambia aliona kama amewafungulia mlango wa sebuleni. "Nimewaambia, haya wanangu, leo mnakula kama watu wa nyumbani."

Ndege walikunywa. Tena walikunywa sana.

Wiki ya pili akaja kwangu mbio, aproni bado kiunoni. "Bernarda, njoo uone. Wanatulia! Wamenizoea!" Nikaenda. Kwa kweli ndege alikuja kwenye ua, na badala ya kunywa na kutoroka, alibaki. Alielea mbele ya ua kitambo kirefu, mabawa yakipiga polepole kuliko kawaida, mpaka hata mimi, kwa macho yangu haya, nikaanza kuyaona. Oliva akafyatua mara tatu kwa ndege mmoja. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Nilimwambia ni maombi yake yamejibiwa, na tulipiga magoti pale pale kwenye matope tukashukuru.

Picha aliyoipata siku ile wote tunaijua sasa. Ndege wa kijani, shavu la zambarau, amesimama hewani mbele ya ua jekundu, mabawa yamefunguka kama mikono ya padre wakati wa Baba Yetu. Tulihesabu manyoya marefu ya bawa, yalikuwa kumi. Mdomoni ulitokeza uzi mweupe. "Ulimi," Oliva akasema. "Hata ulimi umetoka kwenye picha!" Tukadhani anaonja.

Padre Rubiel alikuwa anatafuta picha ya kalenda ya parokia, ambayo kwetu hutoka mwezi wa saba. Kalenda hiyo ndiyo inayotundikwa katika kila jiko la El Yarumo, kuanzia kwa tajiri hadi kwa anayelala sakafuni, na mwaka mzima macho yako yapo hapo, unapongoja maziwa yachemke. Alipoiona picha ya Oliva alisema hatafuti tena. Akaitangaza Jumapili mwishoni mwa misa, akamwomba Oliva asimame, na kanisa zima likapiga makofi. Sijawahi kumwona Oliva amesimama vile tangu Evelio afe.

Nje ya kanisa walimzunguka. Unatumia kamera gani, unakaa saa ngapi, unawapa nini? Alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Sukari guru, jamani. Kama tunavyolea watoto wetu!"

Watu walipenda jibu lile kupita hata picha. Gildardo alilirudia kutwa kucha kinuni kama wimbo. Na wiki ile ile chupa zikaanza kuonekana. Kutoka kwa Oliva mpaka kanisani nilihesabu nyumba kumi na moja zenye chupa ya maji ya rangi ya chai imening'inia barazani. Ya kumi na mbili ilikuwa yangu.

Na ndipo Leonilde akaja na kopo lake la biskuti.

Tulipotoka pale uani tukaenda kanisani kama tulivyopanga. Oliva alipanga maua. Aliweka ua, akaliangalia, akaliondoa, akaliweka tena pale pale. Tulipomaliza akasema, "Mwenzangu, nisindikize nyumbani, kuna kitu nataka ukione, nataka macho ambayo si yangu."

Akawasha kompyuta, akafungua picha za wiki ya kwanza ya mvua, za sukari nyeupe. Ukungu mahali pa mabawa, midomo imefungwa. Akaenda za wiki ya pili. Za wiki ya tatu. Akawa anazikuza moja moja.

"Niambie unaona nini."

"Naona ulimi."

"Na hapa?"

"Ulimi."

"Na hapa?"

"Ulimi, mwenzangu. Si anakunywa?"

"Hajafika kwenye ua bado. Angalia, ua liko huku. Mbona ulimi uko nje?"

Akaenda kwa ndege mwingine, aliyekaa kwenye kijiti akipumzika. Ulimi nje. Akaukuza mpaka ukajaa kioo. Haukuwa uzi tena. Ulikuwa umevimba, mweupe, kama kipande cha nyuzi za pamba zilizolowa. Oliva akafungua ile picha yenyewe, ya kalenda, akaitazama kwa muda mrefu sana.

"Hakuwa ametulia, Bernarda," akasema. "Alikuwa amechoka."

Kesho yake Alhamisi, Yaneth, daktari wa mifugo, alipanda kuchanja ng'ombe wa Gildardo, maana barabara ilikuwa imefunguliwa. Oliva akaenda na kopo la Leonilde, mimi nyuma yake. Yaneth akavua glavu, akamchukua ndege mmoja, akafungua mdomo kwa ncha ya kijiti cha kiberiti.

"Umewapa asali?"

"Sukari guru."

Yaneth akamrudisha ndege kwenye pamba. Ni binti mwenye adabu, na alijua amesimama kwenye zizi la nani. Kisha akaeleza, taratibu. Ile rangi nzuri ya sukari guru, alisema, ina chuma, nayo miili yao midogo hushindwa kukitoa. Tena inachacha upesi, siku moja tu ya jua inatosha, na ukungu unaoota humo huushika ulimi. Ulimi ukivimba ndege hawezi kuurudisha ndani. Akishindwa kuurudisha, hawezi kunywa.

"Kwa hiyo wanakufa na nini hasa?" Oliva akauliza.

"Na njaa, mama. Wanakufa njaa wakiwa mbele ya ua."

Gildardo alikuwa amemshika ndama shingoni. Akamwachia. "Ngoja kwanza, daktari. Mimi nina miaka sitini na nne, sukari guru nimekunywa kabla ya maziwa. Ulimi wangu umevimba?"

"Wewe si ndege, Bwana Gildardo. Huyu uzito wake ni kama sarafu."

"Babu yangu alikufa na miaka tisini na tisa, kikombe mkononi!"

"Na yeye hakuwa ndege," akasema Yaneth.

Gildardo akamgeukia dada yake. Nilimwona uso umekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Sikia wewe. Ndege wako ni ndege wako. Lakini usije ukathubutu kusimama mbele za watu ukasema kinu cha baba kinauza sumu. Umenisikia, Oliva? Ulizaliwa mle. Juu ya magunia ya mle."

"Nimekusikia," akasema Oliva.

Siku hiyo aliziteremsha chupa zake zote, akazichemsha, akazisugua kwa siki na mchele, akajaza sukari nyeupe iliyokuja na lori la kwanza. Yangu niliiteremsha kabla sijavua viatu. Lakini zilibaki kumi na moja. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na mimi nikapita naye, kwa sababu peke yake angechoka.

Hakuna aliyemwamini. Mke wa Argemiro alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kisha akacheka. "Jumapili ni dawa, Alhamisi ni sumu? Sema tu, mama, hutaki na sisi tupate picha nzuri kama yako." Nyumba ya pili walisema daktari yule ni mtoto wa mjini. Ya tatu walituletea maji ya sukari guru tunywe, na tulikunywa, kwa sababu kukataa ni matusi, na Oliva aliirudisha bilauri ikiwa tupu. Ya nne mzee mmoja aliniuliza mimi, kana kwamba Oliva hayupo, kama tangu Evelio afe mwenzangu analala vizuri. Katika nyumba nne tuliteremsha chupa moja, nayo ilikuwa imeshapasuka.

Ijumaa asubuhi alinikuta nikikaanga ndizi. Alikuwa amefumba kiganja. Akakifungua. Alikuwa mmoja wa wale wenye shavu la zambarau, hai bado, anapumua mwili mzima. Tulijaribu kumpa maji ya sukari nyeupe kwa ncha ya kijiko, kama alivyofanya kwa yule wa kwanza miaka ile. Ulimi ulikuwa nje, ukagusa maji, ukabaki palepale. Ndege aliangalia kijiko. Hakuna kilichopanda. Tulingoja. Sikujua kama kuna sala ya jambo hili, nikasema Salamu Maria tu. Nilipofika ya sita Oliva akafumba kiganja tena, polepole, akasema, "Basi, mwenzangu. Basi."

Picha ilikuwa iende kiwandani kuchapwa Jumatatu.

Hapa nitasema ukweli wangu. Mimi ndiye niliyemshauri anyamaze. Nilimwambia, nenda kwa Padre, mwambie umebadili mawazo, aweke Bikira Maria kama miaka yote, na yaishe. Watu watachoka na chupa, wiki tatu tu, unawajua watu wetu. Kaka yako hatakasirika. Hakuna atakayejua. Nilisema kwa upendo, na nadhani hata shetani huwa hasemi kwa sauti kubwa.

"Wiki tatu ni ndege wangapi?" akaniuliza.

Jumamosi baada ya rozari tulikwenda nyumba ya mapadre. Nilidhani tu wawili. Kwenye ngazi tukamkuta Leonilde ameketi, kopo lake mapajani.

"Wamefika saba," akasema. "Nimekuja nao. Wewe huwezi kubishana, Oliva, unalia haraka. Mimi silii."

"Leonilde, ulinicheka juzi."

"Nilikucheka, ndiyo. Na kesho nitakucheka tena. Inuka, twende."

Padre Rubiel alikuwa mezani, na picha iko mbele yake, kubwa, imebandikwa kwenye karatasi ngumu, chini imeandikwa kwa kalamu ya risasi: *Sifa kwa Muumba. Picha ya Oliva Tabares.* Alitukaribisha, akaagiza tuletewe vikombe. Mpishi akaleta maji ya moto ya sukari guru na jibini, kama ada. Hakuna aliyegusa. Leonilde akaweka kopo kando ya picha, akafunua, akakaa.

Oliva alisimulia yote. Hakulia. Alisimulia tangu ndevu za Argemiro mpaka ndege wa kiganjani, na alipofika kwenye maneno ya kaka yake aliyasema kama yalivyosemwa. Padre alisikiliza akimtazama ndege wa kwenye picha, halafu wa kwenye kopo, halafu wa kwenye picha.

"Mama Oliva," akasema mwishowe, "ulifanya kwa moyo mwema. Mungu anaona moyo."

"Ndiyo, Padre. Lakini ndege wamekufa kwa kile kilichokuwa kwenye chupa."

Padre akashusha pumzi. Akasema analo wazo. Picha aitoe, aweke ya Mama wa Karmeli, na Jumapili atawaomba waumini kwa ujumla wawe waangalifu na viumbe wa Mungu. Jina la Oliva halitatajwa. La kinu halitatajwa. Gildardo ndiye anayetoa sukari guru ya chakula cha maskini kila Noeli, na amani ya familia nayo ni jambo takatifu. "Kwa nini ujivunje mbele ya kijiji kizima," akamwambia, "wakati inawezekana kupita kimya?"

Nilimtazama Leonilde, Leonilde akatazama dari. Mimi moyoni nilikuwa nasema, kubali, mwenzangu, kubali, ni mtu mwema anayekupa mlango.

Oliva akainama, akaikokota picha mpaka mbele yake. Akaweka kidole kwenye ule uzi mweupe mdomoni mwa ndege, kisha akakishusha mpaka pale penye jina lake la kalamu ya risasi.

"Nimepita nyumba nne kwa miguu, Padre, na hawakunisikia. Hotuba yako wataisahau kabla ya mchuzi kuiva. Kalenda hawatupi mpaka mwaka uishe. Naomba hivi. Picha yangu iacheni palepale. Na hapa chini, badala ya sifa, andikeni kwa herufi kubwa, asiye na miwani naye asome: Ndege huyu alikuwa anakufa. Oliva Tabares alimpa sukari guru. Wapeni sukari nyeupe, kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, au msiwape kitu."